Maua ya harusi Tandahimba: piga hesabu ya waridi kabla hujapokea oda



Wengi humu tunauza nguo, vipodozi, vyombo. Lakini kama unauzia mtandaoni ukiwa Tandahimba, Newala au Masasi, hela ya korosho ikianza kuingia utaona inboksi inabadilika. Mtu aliyekuwa anakuulizia sendo wiki iliyopita anakutumia picha ya harusi ya Dar, ukuta mzima umejaa maua, halafu anaandika: "Dada, hii unaweza? Bei gani?" Na sisi kwa njaa zetu tunajibu ndiyo kwanza, mengine tutajua mbele.

Mimi nilijibu ndiyo. Ngoja niwaambie ilivyokwenda, maana ile oda ilinilia mtaji wa miezi mitatu, na karibu kila nitakachosema hapa kuhusu kubana gharama za maua nimekilipia ada.

Mteja alikuwa mama mmoja anayemuoza binti yake wa kwanza. Aliniita nyumbani, tukakaa barazani, nikamwamkia, akaanza moja kwa moja. "Mwanangu, mimi maua ya plastiki sitaki. Ya plastiki yapo hata kwa muuza soda. Nataka waridi la kweli, jekundu. Mjomba wake ndiye anatoa hela ya ukumbi, na yeye kasema hivyo hivyo." Kwetu huku mjomba akishasema jambo kwenye harusi ya mpwa wake, nani atabisha? Nikasema sawa mama, mawaridi 300, yanatoka Dar Alhamisi, Ijumaa yako mkononi, Jumamosi mchana ukumbi umewaka.

Advansi alinipa theluthi tu. Iliyobaki "tukilipwa korosho". Hilo nitalirudia.

Sasa fuata safari ya hilo waridi, maana ndiko hela inakopotelea. Mawaridi ya kukatwa hapa nchini yanalimwa zaidi kaskazini, Arusha na Kilimanjaro, ndani ya mabanda ya nailoni, na mashamba yale yalianzishwa kwa kulenga soko la Ulaya. Arusha hadi Dar ni zaidi ya kilomita 600. Dar hadi Mtwara mjini ni zaidi ya kilomita 550. Halafu upande uwanda wa Makonde mpaka Tandahimba. Ua likifika mezani kwa bibi harusi wako limeshatembea zaidi ya kilomita 1,200. Linaposafirishwa kwenda nje, waridi linakaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 4 tangu shambani mpaka uwanja wa ndege. Linapokuja kwako linakaa kwenye buti ya basi.

Na ilikuwa Novemba, maembe yameiva. Basi likipita Mkuranga na Kibiti abiria wananunua maembe kwa ndoo na kwa viroba, yote yanaingia buti hiyo hiyo. Kitu ambacho sikukijua: tunda linaloiva linatoa hewa inayoitwa etilini, ndiyo hiyo inayofanya embe moja bivu liivishe wenzake kwenye kapu. Ua likiivuta hewa hiyo linazeeka haraka, petali zinaanguka. Changanya na joto la buti na kukaa bila maji usiku kucha, basi.

Ijumaa mchana nikafungua boksi. Vichwa vyote vimeinama kama watoto waliochapwa. Niliyahesabu nikiwa nimekaa chini sakafuni. Yaliyokuwa na uhai yalikuwa 84.

Nikawapigia waliosafirisha, wakaniambia mzigo wa maua ni "kwa hatari ya mwenye mzigo". Ukisoma ile risiti yao kwa nyuma, kweli imeandikwa. Kwa hiyo kabla ya jambo lolote: kama unatuma kitu kinachooza, soma nyuma ya risiti.

Yale 84 niliyaokoa hivi, na hii itakusaidia hata kama una bukee moja tu. Chukua kisu kikali, si mkasi wa nguo, kata shina kwa mshazari sentimita mbili hivi, ukatie ndani ya maji ili hewa isiingie kwenye mrija. Ng'oa majani yote yatakayozama, kwa sababu yakioza yanachafua maji na maji machafu yanaziba shina. Waridi lililolegea shingo lilaze lote zima kwenye beseni la maji kwa saa moja au mbili, mengi yananyanyuka. Halafu yasimamishe kwenye ndoo safi mahali penye giza na ubaridi, pasipo upepo. Maji yake: kwa lita 1, kijiko kimoja cha chakula cha sukari, vijiko viwili vya maji ya limau, na matone machache ya dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Sukari ni chakula, limau linasaidia ua kunywa, klorini inaua vijidudu. Ila klorini na limau visikutane kabla ya kuingia kwenye maji mengi, vikikutana vikavu vinatoa moshi unaowasha kifua.

Na ndoo safi kwetu si jambo dogo. Uwanda huu udongo wake maji hayakai juu, yanazama chini kabisa, ndiyo maana bibi zetu walikuwa wanateremka mabondeni na kupanda na mitungi. Hata leo kuna siku bomba halitoki na unanunua ndoo. Mawaridi 300 yanataka ndoo kumi na zaidi. Weka maji kwenye hesabu yako ya maua. Mimi sikuweka.

Jioni ile nikaenda kwa yule mama. Nilitamani nimdanganye kwamba mzigo umechelewa, nisubiri muujiza. Nikamwonyesha ndoo. Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza: "Kwa hiyo kesho mwanangu anakaa mbele ya ukuta mtupu?" Nikamwambia hapana mama, nipe ruhusa nizunguke kwa majirani.

Hapo ndipo nilipojifunza biashara yenyewe.

Tandahimba nzima ina maua na tunayapita kila siku. Yale ya uani yenye miiba, zambarau, pinki na machungwa, wengine wanayaita bogenvilia, yanatambaa kwenye nyua za nyumba nyingi na yanastahimili ukame kuliko ua lolote la dukani. Kasoro yake yakikatwa yananyauka haraka, kwa hiyo kata alfajiri, zamisha tawi zima kwenye maji nusu saa, na yapange saa chache kabla ya shughuli. Kuna msanapiti, lile ua jeupe lenye moyo wa njano na harufu ya jioni. Huo ukikatwa unatoa utomvu mweupe unaowasha ngozi, uache uchuruzike kwanza. Msanapiti usihangaike kuupanga kwa shina. Elea maua matatu manne kwenye bakuli la kioo lenye maji, weka mshumaa katikati, meza imekwisha. Maua manne! Kwa waridi meza hiyo hiyo ingekula kumi na tano.

Tahadhari moja kwa msanapiti: wapo wazee wanaouhusisha na makaburini, kwa sababu ndiko unakopandwa sana. Muulize mwenye shughuli kabla hujapeleka. Na tafadhali usiende kuchuma huko makaburini usiku, mjini hapa kila mtu anamjua kila mtu.

Mwisho wa mwaka mikrismasi nayo inawaka nyekundu barabarani. Maua yake hayadumu kwenye chombo, usijaribu. Ila petali zake ni zulia la bure. Tandika shuka safi chini ya mti jioni, asubuhi kusanya, mwaga kwenye njia atakayopita bibi harusi. Usimwage juu ya kitambaa cheupe cha kukodi, zikikanyagwa zinaacha doa, na doa hilo utalilipa wewe.

Majani ya kujazia: mwembe, matawi ya mnazi ukipata kutoka chini, yale majani ya rangirangi ya kwenye ua. Mkorosho usiguse. Maua na matunda yake yanatoka nchani mwa tawi, kwa hiyo ukikata ncha umekata hela ya mtu, na katikati ya mwaka majani yana salfa ya kuzuia ubwiriunga. Hata mwembe chukua majani ya ndani ya mti.

Ule usiku nilipita nyumba tisa. Wengine walinipa bure kwa sababu ya harusi, wengine niliwalipa elfu mbili mbili. Nawashauri walipeni wote, hata kidogo. Mwenye ua akishalipwa mara moja anakuwa msambazaji wako, anakupigia mwenyewe: "Mwanangu, yamechanua, njoo."

Jumamosi mawaridi 84 tukayagawa. Bukee ya bibi harusi, ua la kifuani kwa bwana harusi, na meza kuu. Nyuma yao ukuta wa bogenvilia na majani ya mwembe, tumeyafunga kwenye wavu wa kuku. Wavu huo ni mbadala mzuri wa yale mapovu ya kijani ya kuchomekea maua. Povu ni la mara moja na linaagizwa mbali, wavu unaukunja mpira, unautia ndani ya chombo, unachomeka, ukimaliza unaosha na kuutunza. Wangu wa siku ile bado ninao.

Watu walipiga picha. Mjomba aliuliza mawaridi mengine yako wapi, na mama akamjibu kabla yangu: "Haya ndiyo yaliyofika." Siku ya kumalizia malipo alikata hela ya mawaridi 216. Alikuwa na haki. Hakunipa kazi nyingine mpaka leo. Lakini jirani yake, yule mwenye bogenvilia ya zambarau, alinipa harusi ya mwanawe Januari, akasema: "Nifanyie ile ile, ila usiagize hayo ya Dar mengi."

Tuje kwenye hesabu. Namba hizi ni za mfano, bei zenu mnazijua wenyewe. Mawaridi 300 kwa 1,000 ni 300,000. Usafiri 30,000. Maji na vijana wa kubeba 40,000. Jumla 370,000. Unamtoza mteja 500,000, faida 130,000. Tamu kwa karatasi. Yakifa 100 tu na ukarudisha 100,000, umebaki na 30,000 kwa kazi ya siku tatu na usingizi wa usiku mmoja.

Sasa changanya. Mawaridi 40 ya mkononi na meza kuu, 40,000. Usafiri 15,000. Maua ya majirani 20,000. Maua bandia ya kukodisha, seti uliyonunua 240,000 ukiigawa kwa harusi 8, ni 30,000. Maji na vijana 35,000. Jumla 140,000. Mtoze 260,000. Faida yako 120,000. Mteja kaokoa 240,000, wewe umepungukiwa 10,000 tu, na basi likiharibu mzigo umepoteza mawaridi 40, si 300. Mimi nilifanya hesabu hii baada ya kuumia. Ifanye kabla.

Mteja anayesema "maua bandia sitaki" mara nyingi hajakataa maua bandia, amekataa yale yaliyopauka yenye vumbi. Mwonyeshe. Kanuni yangu: kinachoshikwa na kinachonuswa kiwe cha kweli, kinachoonekana kwa mbali kiwe bandia. Hakuna mgeni anayekwenda kunusa ukuta nyuma ya maharusi. Na wala meza za wageni hazihitaji shada kila moja, maana nusu saa baada ya pilau kufika mashada yote yanashushwa chini yapishe sahani. Hapo kuna hela inalala chini ya meza kila Jumamosi.

Maua bandia yatunze kama mtaji. Vumbi letu linang'ang'ania. Yachovye kwenye maji baridi yenye sabuni ya unga kidogo, yasuuze, yaanike kivulini. Jua linapausha nyekundu kuliko rangi zote. Yahesabu mbele ya mteja yanapotoka na yanaporudi, na chukua dhamana. Watoto wanayapenda mno.

Seti hiyo isisubiri harusi tu. Kuna kuwatoa wali, kuna mahafali, kuna maulidi, kuna ubatizo. Ukiitangaza kama "mapambo ya shughuli" badala ya "mapambo ya harusi" inazunguka mara nyingi zaidi, na ndivyo zile harusi 8 zinavyofika haraka.

Kitu kingine ambacho nashangaa huku hatukiuzi: kikuba. Zanzibar, Mombasa na Lamu wanawake wameanza zamani kushona asumini, mrehani, mkadi na petali za waridi kuwa kishada kidogo cha kubandika kifuani au kuweka kwenye nywele. Mtaji wake ni sindano, uzi na mti wa asumini uani. Asumini huchumwa alasiri likiwa bado kitumba, unalitunga, unalifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, jioni linafunguka lenyewe ukumbini na harufu inatoka. Kwa wageni wa heshima, akina shangazi na mama wa pande zote mbili, kikuba kimoja kimoja kinaleta heshima kuliko chombo cha maua mezani, na kwa bei ya chini. Mti wa asumini unaupanda mwaka huu, unauvuna miaka. Mimi ninayo miwili.

Sasa ile ya "tukilipwa korosho". Wote tunajua mzunguko. Mkulima anapeleka AMCOS, mzigo unaingia ghalani, unasubiri mnada wa TANECU, mnunuzi analipa, ndipo hela inaingia kwenye akaunti ya mkulima. Mteja hakudanganyi akisema atalipa, ila siku ya kulipa haijui yeye wala wewe. Kwa nguo unaweza kumkopesha, nguo itamsubiri. Ua halisubiri. Utaratibu wangu siku hizi: maua yote ya kweli yanalipwa yote kabla sijaagiza, kupitia lipa namba ili jina la biashara lisomeke. Kazi na ukodishaji ndiyo nakubali nusu kwa nusu. Asiyeweza, namwambia kwa upole kwamba tutatumia ya hapa hapa. Hajawahi kununa mtu.

Tarehe pia zina bei. Usikubali oda ya mawaridi karibu na 14 Februari, dunia nzima inayataka wiki hiyo. Msimu wa masika jiulize kuhusu barabara. Mei 2024 mvua na Kimbunga Hidaya viliikata barabara ya Dar kuja Lindi na Mtwara, hata mafuta yalikuwa shida kufika, sembuse waridi. Shaaban harusi ni nyingi kwa sababu watu wanawahi kabla ya Ramadhani, kwa hiyo weka oda zako za maua ya majirani mapema, la sivyo utakuta mwenzako keshapita.

Kwenye status, acha kuweka picha za harusi za Instagram. Piga kazi yako mwenyewe, hata kama ni meza moja yenye bakuli la msanapiti. Andika wazi chini yake: "Ukuta ni maua bandia ya kukodi, bukee ni waridi halisi 20, meza ni maua ya hapa." Weka bei tatu, si moja. Nilipoanza kuandika hivyo maswali ya inboksi yalipungua, lakini waliouliza walikuja na hela.

Na kama bado mteja anang'ang'ania 300 kutoka Dar, mpe namba ya msambazaji aagize mwenyewe kwa jina lake, wewe umtoze ufundi wa kupanga. Yakifika yamelala, boksi mtalifungua pamoja.